Nani Aligundua Mifupa ya Tendaguru?

Katika tafsiri tunazoombwa kuzipitia, mara kwa mara tunakutana na sentensi ya namna hii: "Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani aligundua mifupa ya dinosau huko Tendaguru, mkoani Lindi, baadaye wataalamu wakaichimba kwa msaada wa vibarua." Sarufi yake haina kasoro. Kasoro imo katika uteuzi wa maneno, nayo si ndogo.

Tuanze na kitenzi kugundua. Mtu hugundua jambo lililokuwa limemfichika. Mhandisi huyo, Bernhard Sattler, alionyeshwa mifupa na wafanyakazi wake wenyeji. Basi kilichomfichika yeye hakikuwafichika wao. Mfasiri aandikaye "aligundua" bila maelezo zaidi ameamua, pengine pasipo kukusudia, kwamba ujuzi huanza pale unapomfikia mgeni. Twapendekeza: "alionyeshwa mifupa na wenyeji, na habari zake zikawafikia wanasayansi wa Ujerumani."

Neno la pili ni kibarua. Asili yake ni ile karatasi ndogo aliyopewa mfanyakazi wa kutwa. Hivyo laeleza jinsi mtu alivyoajiriwa, halielezi alichokijua. Kazi ya Tendaguru, kuanzia 1909 hadi 1913, ilidai ustadi: kufukua mifupa, kuisafisha, kuifunga isivunjike, kisha kuichukua kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mamia, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Kiswahili kina maneno ya kuwataja ipasavyo: wachimbaji wa visukuku, wapagazi, msimamizi. Kuwakusanya wote katika neno "msaada" ni kuwafuta.

Majina ya kisayansi nayo yana funzo. Kiunzi kirefu kupita meta 13, kinachoonyeshwa Berlin tangu 1937, ni cha spishi iliyopewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya huko. Jina la Boheti halikuingia katika orodha hiyo mpaka mwaka 2007, dinosau mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Huenda wako watakaosema kwamba haki si kazi ya istilahi. Hatukubaliani nao. Hata hivyo, hatupendekezi kosa moja lirekebishwe kwa lingine: Werner Janensch na Edwin Hennig ndio walioongoza msafara, na maandishi yao ya kitaalamu yangali na thamani. Tunachodai ni kila mtu atajwe kwa kazi aliyoifanya.

Kwa hiyo, mfasiri wa maelezo ya makumbusho na mwalimu wa historia hawana budi kujiuliza kila mara: jambo hili lilifichika kwa nani, na nani alilitenda? Tunawakaribisha wasomaji watuletee mifano mingine waliyokutana nayo kazini.