Jembe la Utubora na Kipande cha Manamba

Kitabu cha Shaaban Robert, Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya mtunzi kufariki, aghalabu husomwa kama sifa ya jembe. Utubora anaacha kazi ya mshahara kwa hiari yake, anashika kilimo, na ardhi inamlipa utulivu wa moyo. Usomaji huo ni sahihi, lakini hauulizi ni nani awezaye kuuacha mshahara.

Mtunzi alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, katika nchi iliyokwisha kuanza kugeuzwa na mkonge. Mmea huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wenyeji wa karibu walikwenda kwa majira: kazi za nyumbani zikipungua mtu alichukua kipande, mvua zikikaribia alirudi kwake. Wa mbali, kutoka Kigoma, Njombe na Songea, walifungwa kwa mkataba, hasa baada ya SILABU kuundwa mwaka 1944. Hao ndio manamba, watu walioitwa kwa nambari walizopewa. Jina hilo peke yake lingetosha kuandikiwa kitabu. Kipande kilikuwa na siku 30 za kazi. Siku ya homa haikuhesabiwa.

Kwa nyumba ya maskini, basi, jembe na mshahara havikuwa njia mbili za kuchagua. Jembe lilitoa chakula, mshahara ulitoa kodi na nguo, na kimoja bila ya kingine hakikutosha. Mume alipoondoka, mke alilima sehemu ya wawili. Tena mwajiri aliweza kulipa ujira mdogo kwa kuwa mke huyo aliwalisha watoto na wazee bila ya malipo. Hapo ndipo hoja ya kitabu inapopwaya: utu wa Utubora haukujaribiwa na kodi.

Si haki kumdai mtunzi kitabu asichokusudia. Busutamu, kama jina lenyewe linavyodokeza, si mahali pa kutafutwa katika ramani. Wala waliomfuata hawakuliziba pengo hilo sana. Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1979, imemchora vema mtu wa bandarini, lakini huyo ni mwana wa kuli, na mji ndio kwao. Yule aendaye na kurudi, aliye mgeni shambani kwake na nambari kambini, ni nadra kuonekana katika riwaya. Na mkewe, aliyehesabu miezi kwa mavuno, ni nadra zaidi.