Kipuri Kisichofanana

Bisibisi ikiwa bado kwenye kopo, fundi alichukua kalamu ya wino mzito na kuandika 1, 2, 3 na 4 kwenye diski kabla ya kuzichomoa. Namba zilezile akaziandika kwenye kasha, juu ya kila tundu. Nilidhani ni mazoea tu. Akanieleza kwamba diski zile nne zimegawana mafaili vipande vipande, na mtu anayezichanganya kisha akakubali mashine "ianze upya" anaweza kuzika kazi ya miaka kwa kubonyeza mara moja.

Kibaraza chake kiko Kariakoo, kati ya muuza nyaya na muuza vioo vya simu. Mashine iliyokuwa mezani ni kasha la ukubwa wa boksi la viatu, ghala la data la ofisi ndogo ya upimaji ardhi. Kompyuta zote za ofisi zilikuwa zikisoma na kuandika humo kupitia mtandao wa ndani. Toleo lake lilishaacha kutengenezwa. Dada wa uhasibu aliyelileta aliuliza, "Fundi, spea yake inapatikana?"

"Haipatikani, dada. Tutafute kitu cha kufanya kazi yake."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kwenye kigoda hadi jioni.

Feni ilikuwa imekauka. Tone la mafuta liliirudishia pumzi kwa dakika kumi, ikaanza tena kukwaruza. Kijana wake akapekua kapu la feni zilizotolewa kwenye kompyuta zilizokufa, akaja na moja ya milimita 92: ukubwa uleule, mpangilio wa nyaya tofauti. Feni hizi zina nyaya tatu. Mbili ni za umeme. Ya tatu hupeleka taarifa ya mwendo, mapigo mawili kwa kila mzunguko, na mashine huyahesabu. Yasipofika, mashine hulalamika, nyingine hujizima kabisa, hata kama feni inavuma vizuri. Fundi alipima pini moja moja, akainua ulimi wa plastiki wa plagi kwa sindano ya kushonea nguo, akavuta vishikizo vitatu vya chuma na kuvirudisha kwa mpangilio mwingine. Hakukata waya hata mmoja. Katika yote niliyoyaona siku ile, sindano ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Tatizo kubwa lilikuwa adapta ya umeme. Mita ilisoma volti 12 kamili, nami ningeishia hapo. Yeye akaiunganisha na balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55. Balbu ikawaka rangi ya chungwa, volti zikaporomoka. Adapta ilikuwa kama mtu anayesimama vizuri mpaka abebeshwe gunia. Diski moja ya inchi 3.5 huhitaji karibu ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka. Nne zikianza pamoja, hiyo ni ampea 8. Ndani ya adapta zilizozeeka, kapasita ndizo huchoka kwanza, maana joto hukausha maji yake, na joto la Dar halina likizo.

Alituma kijana kwa wauza kamera za ulinzi, ambako pawa saplai za volti 12 na ampea 10 zimepangwa kama matofali. Ya kwanza aliipima kwa kiganja tu, akairudisha: nyepesi mno, ndani hamna kitu. Ya pili ilibeba balbu mbili kwa nusu saa bila kutetereka. Kisha akakata waya wa adapta ya zamani ili abaki na plagi yake ileile, ya duara yenye pini nne. Plagi kama hiyo huingia kwenye mashine za watengenezaji wengi, ila chanya na hasi hazikai mahali pamoja. Kuingia kwake hakumaanishi chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa anachokijua. Feni isiyofanana ilikubali, ilhali vitu vinavyofanana kabisa vinaweza kukataa. Alinionyesha bodi mbili za kijani za diski, toleo moja, namba zilezile. Ukihamisha bodi kutoka diski moja kwenda nyingine, mara nyingi diski haisomi, kwa sababu chipu ndogo ya miguu minane inabeba vipimo vya diski ile tu tangu kiwandani. Lazima uing'oe chipu ya zamani na kuichomea kwenye bodi mpya, chini ya kioo cha kukuzia, mkono usitetemeke.

Kuna tiba ninayoiheshimu kuliko hiyo, nayo inajulikana kwa mafundi wa nchi nyingi. Mwaka 2017 Intel iliorodhesha kasoro ya vichakato vya Atom C2000, vilivyokuwa ndani ya maghala mengi ya data: ishara ya saa ya ndani hudhoofika kwa umri hadi mashine isiweze kuwaka. Mafundi waligundua kwamba rezista moja ya ohm 100, ikichomewa kati ya pini mbili sahihi kwenye bodi, inaweza kuifufua mashine iliyokwisha kutupwa. Rezista hiyo ni kitu kidogo sana. Haiponyi kichakato; inakishika mkono kwa muda.

Saa kumi na moja taa nne za kasha ziligeuka kijani, moja baada ya nyingine. Kwenye risiti fundi aliandika feni, pawa saplai na ufundi. Chini yake, kwa kalamu ileile ya wino mzito, akaongeza: nunueni diski ya nje, mnakili kila kitu wiki hii.