Diski ya Kioo Ilipojaa

Jumatatu saa mbili asubuhi makarani wa kaunta walianza kupiga simu mmoja baada ya mwingine: risiti hazitoki. Kwenye seva kuu ya SQL Server nilikuta kosa namba 9002, yaani logi ya miamala imejaa. Nilishangaa, kwa kuwa bakapu ya logi ilichukuliwa kila dakika 15, na bakapu hiyo ndiyo huachia nafasi ndani ya logi itumike upya. Bakapu zote za wikiendi zilikuwepo, nzima. Nafasi haikuwepo.

Jibu lilikuwa kwenye sys.databases, safu ya log_reuse_wait_desc: DATABASE_MIRRORING. Kanzidata yetu ilikuwa inaakisiwa kwenye seva ya pili, tunayoiita kioo, na kwa kanuni ya uakisi seva kuu haiachii kipande cha logi mpaka kioo kikipokee na kukiandika kwenye diski yake. Kioo kikisimama, logi ya seva kuu hurundikana hata ukichukua bakapu kila dakika.

Kioo kilikuwa kimesimama tangu Ijumaa usiku. Faili la data kwenye seva kuu lilijipanua, na linapopanuka, kioo nacho hutakiwa kupanua lake kwa kiasi kilekile. Diski ya kioo ilikuwa ndogo, maana mashine hiyo iliandaliwa mwaka mwingine kwa bajeti nyingine. Nafasi ikaisha, uakisi ukasitishwa, na hakuna aliyejua, kwa sababu tahadhari zote ziliitazama seva kuu peke yake. Hilo lilikuwa kosa letu sisi tuliozipanga.

Mwenzangu akasema, "Kaka, tuongeze faili la pili la logi kwenye diski F, watu wahudumiwe kwanza." Kwa seva isiyo na kioo ni ushauri mzuri. Lakini amri ya kuongeza faili nayo huandikwa kwenye logi, na kioo kikiamka kitataka kulitengeneza faili hilo mahali palepale. Kioo chetu hakikuwa na diski F. Kingesimama tena, na safari hii kukiinua kungekuwa kazi kubwa zaidi. Kuuvunja uakisi kungeachia logi mapema, ila kabla ya kuurudisha tungelazimika kupeleka bakapu zote za logi tangu Ijumaa hadi mji mwingine kwa mtandao wa kasi ndogo, na kuzirejesha kwenye kioo moja baada ya nyingine.

Tukaanza na kioo. Kwa bahati ilikuwa mashine pepe. Diski ikapanuliwa, kisha nikaandika ALTER DATABASE na mwishoni SET PARTNER RESUME. Tulikaa kimya tukitazama foleni ya kutuma ikipungua. Bakapu ya logi iliyofuata ndiyo iliyoachia nafasi, na risiti zikatoka.

Kazi yenyewe ilikuja baadaye. Kanzidata hii iliundwa kabla ya toleo la 2016, wakati faili la data lilipangiwa kujiongeza kwa MB 1 na logi kwa asilimia 10, na kupandisha toleo hakubadilishi mipangilio hiyo. Asilimia ndiyo inayoniudhi. Logi ya GB 40 ikiishiwa nafasi huongezwa GB 4 kwa mkupuo, na sehemu mpya yote hujazwa sifuri kabla ya kutumika, miamala ikisubiri. Tukaweka MB 512 kwa data na MB 256 kwa logi, na hata hizo ni za dharura tu. Upanuzi wa kawaida tunaufanya kwa mkono, usiku, baada ya kuangalia kwanza kioo kina nafasi kiasi gani. Akaunti ya huduma ikapewa ruhusa ya kupanua faili la data bila kujaza sifuri, kwenye seva zote mbili. Wengi huisahau ya kioo.

Kubana faili la data nilikataa kabisa. Kubana huhamisha kurasa na kuvuruga faharasa, na kila hamisho hupitia kwenye logi kwenda kwenye kioo.

Tangu toleo la 2012 Microsoft imeuweka uakisi kwenye orodha ya mambo yatakayoondolewa, na wengi wamehamia Always On. Huko nako logi husubiri hivyohivyo. Safu ileile itakuandikia AVAILABILITY_REPLICA. Ripoti yetu ya alfajiri sasa ina mistari miwili ya nafasi ya diski, na wa kioo ndio wa kwanza.