Kuchagua Utupa: Mwongozo wa Mbegu, Mche na Jani

Vichaka viwili vya utupa vinaweza kupandwa siku moja, shamba moja, vikachanua sawasawa, halafu kimoja kikalinda gunia la maharage na kingine kisizuie hata mdudu mmoja. Hilo ndilo la kwanza kulijua kwa mtu anayetaka kuotesha utupa kwa mbegu. Ubora wa mmea huu umo ndani ya jani, na anayetaka jani bora lazima aupime mmea mama kabla ya kuchukua mbegu zake.

Utupa, ambao wataalamu wa mimea huuita Tephrosia vogelii, ni kichaka cha Afrika yenyewe. Huvumilia ardhi iliyochoka na huota kuanzia nyanda za chini hadi mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo joto la Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi, linaufaa, na baridi ya Sumbawanga, kwenye mita 1,800 hivi, haiushindi. Majani yake yana rotenoni na sumu nyingine za jamii hiyo, ambazo huzuia chembe za mwili wa mdudu kutumia oksijeni. Mizizi yake hurutubisha udongo. Ni vichaka vichache vyenye faida mbili kubwa namna hii, na ndiyo maana unastahili mkulima makini.

Hakikisha kwanza ni utupa

Shika kijani kimoja, yaani jani dogo, kati ya vile vilivyojipanga viwiliviwili kwenye kikonyo, uvute ncha yake taratibu. Hakitachanika ovyo. Kitakatika kwa kufuata mishipa yake iliyolala sambamba, na kipande kitakachobaki mkononi kitakuwa na umbo la V. Hiyo ni alama ya ukoo mzima wa mimea hii, kwa hiyo haitoshi peke yake. Yuko ndugu yake aliyeletwa kutoka Asia, Tephrosia candida, mwenye maua meupe na anayepandwa kurutubisha ardhi, lakini sumu yake ni hafifu. Tofauti yao iangalie kwenye ganda. Ganda la utupa wetu ni pana, mara nyingi zaidi ya sentimita 1, na limefunikwa manyoya mazito ya rangi ya kahawia, kama blanketi. La yule ndugu ni jembamba na manyoya yake ni laini zaidi.

Rangi ya ua isikuamulie jambo. Wako wenye utupa mweupe na wako wenye wa zambarau, na kila mmoja husifu wake. Sifa hizo zisubiri kipimo.

Ganda na mbegu

Ganda likikomaa huwa kahawia, hukauka, kisha hupasuka kwa nguvu, pande zake zikajisokota na kurusha mbegu mbali. Mchumaji mzuri huliwahi likiwa limekauka lakini halijafunguka. Likichumwa bichi hutoa mbegu zenye mikunjo, na hizo hazina nguvu. Tandaza maganda kwenye mkeka na uyafunike kwa chandarua au kitambaa chepesi, maana yataendelea kupasuka yenyewe juani.

Weka mbegu kiganjani. Iliyo bora imejaa, ina rangi ya kahawia iliyoiva au inayokaribia nyeusi, na kwenye kovu la mahali iliposhikamana na ganda ina kinundu kidogo cha rangi ya maziwa. Iliyo bapa, iliyosinyaa au yenye tundu la mdudu itupe. Ganda moja laweza kuwa na mbegu zaidi ya 10, hivyo huna sababu ya kuzionea huruma zilizo dhaifu.

Kuotesha

Loweka mbegu usiku kucha katika maji ya kawaida. Asubuhi zitazame: zilizovimba zimeshanywa maji, zipande siku hiyohiyo. Zilizobaki ngumu kama changarawe zina ganda lisilopitisha maji. Zikwaruze kwa msasa upande mmoja, mbali na kovu, kisha uzirudishe kwenye maji.

Panda moja kwa moja shambani mvua za Novemba zikishatulia, mbegu mbili kwa shimo, kina cha sentimita 2 hivi. Mzizi mkuu wa utupa hushuka mapema, na mche uliohamishwa ukiwa mkubwa huchelewa kushika. Palilia vizuri mwanzoni, kwa kuwa mche wa utupa ni mwepesi kuzidiwa na majani. Ukisharefuka hauhitaji tena kubembelezwa.

Baada ya wiki kadhaa ng'oa mche mmoja kwa uangalifu uangalie mizizi. Utaona vinundu. Kikate kimoja kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi yao ya kuingiza naitrojeni ardhini. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi kazi. Wafipa waliozoea kufukia majani kwenye ntumba, vile vilima vidogo vya udongo shambani, hawahitaji kufundishwa thamani ya kitu hiki. Majani ya utupa yakifukiwa humo huoza na kuwa mbolea nzuri. Tahadhari ni moja: utupa hutunza minyoofundo ya mizizi, basi usiutangulize pale utakapopanda nyanya au tumbaku.

Kipimo cha kweli

Utafiti uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu robo ya mimea ya utupa iliyopimwa kwenye mashamba ya wakulima ilikuwa ya aina isiyo na rotenoni wala wenzake, na aina hiyo haikufaa kuzuia wadudu. Mkulima anaweza kufanya kila kitu sawa, kumbe mbegu aliyopewa haikupimwa.

Maabara haiko jirani, lakini wadudu wanaobungua maharage wako kila nyumba. Chuma majani ya kichaka kimoja tu, yakaushe kivulini, maana jua kali huharibu sumu hiyo, kisha yatwange na kuyachekecha. Unga mzuri hubaki na ukijani wake. Uliogeuka rangi ya majani makavu ya mgomba umeanikwa vibaya. Chukua vyombo viwili, kila kimoja kikombe cha maharage na wadudu 20 walio hai. Kimoja tia vijiko viwili vidogo vya unga, utikise. Cha pili usitie kitu. Funika vyote kwa kitambaa, uhesabu baada ya siku tano. Chombo cha pili usikiruke, kwa sababu mdudu huyu akishakomaa haishi siku nyingi hata bila sumu. Unachotafuta ni tofauti kati ya vyombo, na kwa utupa mzuri tofauti hiyo haina ubishi.

Kichaka kilichofaulu kifunge kitambaa chekundu: huyo ndiye mama. Kilichoshindwa kikate kabla ya kuchanua, ukifukie kwenye ntumba, kisije kuchanganya chavua na wenzake.

Kwa dawa ya kunyunyizia shambani, kipimo kinachotumika sana ni kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji, ulowekwe siku nzima pamoja na sabuni kidogo. Sabuni si ya mapambo: rotenoni haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu, na bila sabuni nguvu nyingi hubaki kwenye machicha. Nyunyizia jioni. Nawa mikono, usivute vumbi la unga, na maharage yaliyohifadhiwa kwa utupa yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Ziwa

Hakuna mwongozo wa utupa kwa mtu wa Wampembe ulio kamili bila neno hili. Sumu inayomaliza mdudu humaliza samaki upesi zaidi, kwa sababu huingia moja kwa moja kupitia matamvua. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato na perege, na nyingi hazipatikani penginepo duniani. Baadhi huishi maisha yao yote kwenye mawe ya pwani moja. Sumu haichagui kati ya kitoweo na kifaranga. Kuvua kwa sumu ni kosa kwa sheria ya uvuvi ya Tanzania, na ni kula mtaji. Panda utupa mbali na mito na ufuko, na machicha yake yafukie shambani. Bomba la kunyunyizia lisioshewe ziwani.

Mbegu ya utupa hupita mkono kwa mkono, jirani kwa jirani. Jirani akikuomba, mpe ya mama aliyepimwa. Kama hujapima, mwambie hivyo kabla hajaipanda.