Sauti ya Jogoo wa Pathé

Zamani, msomaji, kabla televisheni haijaenea majumbani, Mwingereza aliyetaka kuyaona mambo ya dunia kwa macho yake alikwenda sinema. Pamoja na mchezo alioulipia alionyeshwa filamu fupi ya habari, ya dakika nane au kumi hivi, nayo ilibadilishwa mara mbili kwa juma. Kampuni ya Pathé ilianza kazi hiyo Uingereza mwaka 1910, na alama yake ilikuwa jogoo. Tangu 1940 hata 1970 jogoo huyo aliwika hasa kwa sauti ya mtu mmoja, Bob Danvers-Walker. Napenda tuipime sauti hiyo kama tupimavyo kazi ya mwandishi.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akakulia Australia, na huko ndiko alikoanza utangazaji. Aliporudi Ulaya katika miaka ya 1930 alitangaza katika Radio Normandy, stesheni iliyokuwa Ufaransa lakini ikisema na Waingereza. Maisha yake hayo yatutoshe. Shauri letu ni sauti.

Ilikuwa sauti safi. Kila neno lilitoka zima, halikumezwa wala halikukokotwa. Jambo hili si dogo, maana picha nyingi za habari zilipigwa bila sauti. Muziki, vishindo na maneno vilitiwa baadaye London. Msemaji alipaswa kuyapatanisha maneno yaliyokwisha kuandikwa na picha zilizokuwa zikikimbia mbele yake, asichelewe wala asitangulie. Katika vita vya 1939 hata 1945 watu wenye hofu walihitaji sauti isiyotetemeka, naye aliwapa. Sifa hiyo ni haki yake, na mtu asimnyime.

Lakini sauti hiyo haikujua kusita. Mbio za farasi, arusi ya kifalme, mafuriko, vita, karibu yote yalimfikia mtazamaji katika uhodari ule ule na uhakika ule ule. Hata katika Take Your Pick, mchezo wa kushindania zawadi katika televisheni, ni yeye aliyezitaja zawadi. Na asikilizaye yote mawili husikia kwamba msemaji wa habari na mtangaza zawadi hawakuwa mbali sana. Mtazamaji hakuachiwa nafasi ya kuuliza, "Je, ni kweli?"

Kasoro hii yaweza kuonekana ndogo mpaka siku habari inapokuwa yako. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mnamo Oktoba 1952, Pathé iliwaonyesha Waingereza picha za askari na za Waafrika waliokamatwa. Waafrika wanaonekana, hawasikiki. Wanasemwa, hawasemi. Neno lililowahusu lilitiwa London, na mtu wa London aliyetoka sinema usiku huo alidhani amekwisha kuijua Kenya. Wako watakaomtetea msemaji, kwamba yeye alisoma tu yaliyoandikwa na wengine. Utetezi huo una nguvu, lakini haunitoshelezi. Yapo maneno ambayo katika karatasi yana shaka, na yakipita katika kinywa fasaha hugeuka hakika. Ufasaha huo ulikuwa wake.

Televisheni ilimpokonya jogoo wasikilizaji wake kidogo kidogo, na mwaka 1970 akanyamaza. Danvers-Walker mwenyewe alifariki mwaka 1990. Kazi yao haikupotea: mwaka 2014 filamu zipatazo 85,000 za hifadhi ya Pathé ziliwekwa katika intaneti, mtu yeyote aweza kuzitazama. Chagua moja, msomaji, iliyo juu ya nchi uijuayo. Itazame kwanza bila sauti, uandike ulichokiona. Kisha ifungulie sauti, uhesabu ni mangapi uliyoambiwa ambayo picha haikuwa nayo.