Mashabiki walivyoshika usukani wa Doctor Who

Jumamosi ya Machi 26, 2005, BBC iliirudisha hewani Doctor Who, tamthilia ya msafiri aitwaye Doctor, anayevuka nyakati na sayari ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Watu milioni 10.8 nchini Uingereza waliitazama. Tamthilia hiyo ilianza Novemba 1963, ikasimamishwa Desemba 1989, kisha ikaibuka mwaka 1996 kwa filamu ya televisheni ambayo haikuzaa mfululizo mwingine. Wengi walikwisha kuizika.

Mafanikio ya msimu ule yamezungumzwa sana kwa upande wa bajeti na waigizaji. Ninaomba tutazame majina ya waandishi. Msimu ulikuwa na sehemu 13, zikaandikwa na watu watano: Russell T Davies, Mark Gatiss, Robert Shearman, Paul Cornell na Steven Moffat. Wote watano walikuwa mashabiki wa tamthilia hiyo tangu utotoni. Na wote, kabla ya kuajiriwa kuuandikia mfululizo huu mpya, walikwisha kuandika hadithi zake kwa njia nyingine: Davies, Gatiss na Cornell riwaya, Shearman michezo ya kusikiliza, Moffat hadithi fupi na kichekesho cha hisani cha mwaka 1999. Katika sehemu zote 13, hakuna hata moja iliyoandikwa na mtu aliyekuja mikono mitupu.

Hilo halikuwa bahati. Mapenzi ya hadithi hugeuka kuwa kazi pale mchapishaji anapokubali kusoma muswada wa mtu asiyejulikana, akamhariri, akamlipa na kumdai kazi nyingine kwa tarehe. Penye utaratibu huo, shabiki hufunzika. Usipokuwepo, kipaji hubaki kwenye daftari kabatini.

Walianza kwa kusoma

Miaka ya 1970 familia nyingi hazikuwa na mashine ya video. BBC nayo ilikuwa ikifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena. Mtoto aliyetaka kujua hadithi zilizompita hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye vitabu vya Target, vilivyoanza kutoka mwaka 1973, kila kimoja kikisimulia upya hadithi iliyowahi kurushwa. Terrance Dicks, aliyewahi kuwa mhariri wa miswada ya tamthilia yenyewe, peke yake aliandika zaidi ya 60. Vilikuwa vitabu vyembamba, vya lugha nyepesi, ambavyo havimsubirishi msomaji. Watoto wengi wa Uingereza walizoea kusoma kwa sababu ya vitabu hivyo.

Ndani yake kulikuwa na somo la ufundi ambalo hakuna aliyelipanga. Mtoto aliyetazama hadithi jioni, kisha miezi kadhaa baadaye akaisoma, aliliona tukio moja likisimuliwa kwa njia mbili. Uso wa mwigizaji ulioonyesha hofu kwa sekunde mbili, kitabuni ulihitaji sentensi. Mapigano ya dakika tatu yalimalizwa kwa aya moja. Anayesoma hivyo miaka kumi anajifunza kuhamisha hadithi kutoka chombo kimoja kwenda kingine, hata kama hajui kwamba anajifunza.

Baada ya kusoma walianza kutenda. Walichapa majarida yao wenyewe, wakayarudufu na kutumiana kwa posta, humo mkiwa na hadithi walizozitunga na barua za wenzao wakizikosoa bila huruma. Katika miaka ya 1980 kundi lililojiita Audio Visuals lilirekodi kwenye kaseti michezo mipya kamili, yenye muziki na milio yake. Miongoni mwao walikuwa Gary Russell na Nicholas Briggs. Hawakuwa na leseni wala mshahara, lakini walikuwa na wasikilizaji.

Mhariri aliyefungua mlango

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Target ilikuwa imeingia mikononi mwa kampuni ya Virgin, na hadithi za televisheni ambazo hazijageuzwa vitabu zilikuwa zinakaribia kwisha. Mhariri wake, Peter Darvill-Evans, aliomba BBC impe leseni ya kutoa riwaya mpya kabisa. Akaipata. Mfululizo ukaitwa New Adventures, ukaanza Juni 1991.

Tazama alivyopanga mwanzo wake. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha John Peel, cha pili cha Terrance Dicks, cha tatu cha Nigel Robinson. Wote walikuwa na uzoefu wa vitabu vya Target. Cha nne, kilichotoka Desemba 1991, kilikuwa Timewyrm: Revelation cha Paul Cornell, kijana wa miaka 24 ambaye hakuwa amechapisha riwaya hata moja. Mbegu yake ilikuwa hadithi aliyoiandikia jarida la mashabiki. Wakongwe walilijengea jina la mfululizo msingi, ndipo mgeni akaingizwa.

Baada ya hapo mlango haukufungwa. Virgin ilipokea miswada kutoka kwa watu wasio na wakala wala jina, ikawapa mwongozo wa maandishi unaoeleza kinachotakiwa. Gatiss alitoa Nightshade mwaka 1992. Kate Orman, aliyekuwa Australia, akaingia mwaka 1993, mwanamke wa kwanza kuandika katika mfululizo huo. Davies, ambaye tayari alikuwa na kazi televisheni, alitoa Damaged Goods mwaka 1996. Hadi mfululizo wa Doctor Who ulipokoma Virgin mwaka 1997, vilikuwa vimetoka zaidi ya vitabu 60.

Wingi huo ndio siri. Mfululizo unaotaka kitabu karibu kila mwezi hauwezi kuwategemea watu watatu mashuhuri. Unalazimika kuwatafuta wapya na kuwakuza. Mwandishi naye hujifunza mambo ambayo ushabiki pekee haumfundishi: kukubali kukatwa sura anayoipenda, kutovuruga kilichoandikwa na mwenzake katika kitabu kilichotangulia, na kumaliza.

Kitabu kinapohamia kwenye skrini

Mfano unaoonyesha vizuri ufundi huo ni Human Nature, riwaya ya Cornell ya mwaka 1995. Ndani yake Doctor anajigeuza binadamu na kusahau asili yake. Anakuwa John Smith, mwalimu wa shule ya wavulana Uingereza, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na anampenda mwanamke aitwaye Joan. Mwaka 2007 Cornell mwenyewe aliigeuza kuwa sehemu mbili za televisheni.

Badiliko kubwa liko kwenye sababu. Riwayani Doctor anachagua ubinadamu kwa hiari, akitaka kuelewa uchungu wa msafiri mwenzake aliyefiwa. Riwaya inaweza kusimama juu ya tamaa ya moyoni, kwa kuwa msomaji anaingizwa ndani ya mawazo ya mhusika. Kwenye televisheni Doctor anawakimbia maadui wanaomwinda, na kujigeuza binadamu ndiko kujificha kwake. Dakika za mwanzo tu mtazamaji ana hofu ya kushika. Asili yake nayo inafichwa ndani ya saa ya mfukoni, kitu kidogo ambacho kamera inaweza kukionyesha na mtoto wa shule anaweza kukiiba. Kilichobaki vilevile ni uamuzi wa mwisho: mtu mwenye mapenzi na maisha ya kawaida anatakiwa ayatoe ili wengine wapone.

Shearman alifanya jambo la namna hiyo. Mchezo wake wa kusikiliza, Jubilee, wa mwaka 2003, una Dalek mmoja, kiumbe wa jamii ya maadui wakubwa wa Doctor, aliyefungwa na kuteswa peke yake kwa miaka. Kwa televisheni aliandika hadithi mpya juu ya kiini hicho, akaihamishia kwenye handaki la tajiri mkusanyaji huko Utah, Marekani. Na sauti ya Dalek huyo? Ni ya Nicholas Briggs, yule wa kaseti. Sauti ya Dalek hupatikana kwa kuipitisha sauti ya mtu kwenye kifaa kinachoichanganya na mawimbi yenye mtetemo wa mara 30 hivi kwa sekunde, hadi maneno yakakwaruza kama chuma. Briggs alikuwa ameifanyia kazi sauti hiyo miaka mingi kabla ya BBC kumwita.

Leseni na haki

Vijana wengi huliruka jambo hili, nalo ndilo linalotenganisha mchezo na kazi. Hadithi ya shabiki haiuziki bila ruhusa ya mwenye mhusika. Cornell alilipwa kwa sababu Virgin ilikuwa na leseni. Lakini mhusika mpya aliyemtunga ndani ya mfululizo huo, mwanaakiolojia Bernice Summerfield, alibaki mali yake. Leseni ya Virgin ilipokwisha, Bernice aliendelea na safari zake vitabuni. Mwaka 1998 kampuni changa ya Big Finish ilianza biashara kwa michezo ya kusikiliza ya Bernice huyo. Mwaka uliofuata, ikiwa na kazi ya kuonyesha, ilitoa michezo ya Doctor Who yenyewe kwa leseni ya BBC. Anayeandika ndani ya ulimwengu wa mwingine na ahakikishe mkataba unasema wazi kipi ni chake.

Njia hii ilikuwa na kasoro nzito. Walioingia walikuwa karibu wote wanaume Wazungu wa rika moja, waliofahamiana kwenye mikutano na majarida yaleyale. Mlango uliokuwa wazi kwa maandishi ulipitiwa zaidi na waliokwisha kusikia habari zake.

Kwetu

Kiswahili hakina upungufu wa wahusika wanaopendwa. Kuna watu wazima leo wanaoweza kukusimulia vituko vya Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa kana kwamba walikuwepo. Mapenzi hayo ni mtaji. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell (jina hilo halimhusu Paul Cornell), imeonyesha kwamba ukiomba miswada ya Kiswahili utaipata: Anna Samwel Manyanza alishinda upande wa riwaya mwaka 2015 kwa muswada wa Penzi la Damu. Lakini tuzo huja mara moja kwa mwaka na washindi ni wachache. Haiwezi kufanya kazi ya mhariri anayesubiri muswada mwezi hadi mwezi.

Basi nawaomba wachapishaji wetu wakae na wenye haki za wahusika hao, wakubaliane leseni ya haki, waanzishe mfululizo wa vitabu vyembamba vya bei nafuu, kisha watangaze mwongozo wa kupokea miswada kwa yeyote, awe Kigoma, Lamu au Bukavu. Waanze na wakongwe, wawaingize wapya kuanzia kitabu cha nne. Nawe kijana unayeandika hadithi kwenye simu usiku, maliza moja, wape wanaojua kukosoa, andika nyingine. Siku tangazo hilo likitoka, uwe na kazi mkononi.