Fanani wa Picha ni Nani? Ukuta, Albamu na Simu Kule Itaka

Wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba kazi haikamiliki mpaka pawe na fanani, hadhira na tukio. Picha ya mnato tunaiacha nje ya mjadala huo, kana kwamba ikishasafishwa imemaliza kazi yake. Katika makala haya nadai kinyume. Kwetu Itaka, wilayani Mbozi, picha huanza kazi pale inapoonyeshwa, na namna inavyoonyeshwa ndiyo huamua nani atakumbukwa na nani atasahauliwa. Anayesahauliwa, mara nyingi, ni mpiga picha mwenyewe.

Tuanze na albamu. Mgeni akifika nyumbani, chai ikiwa bado jikoni, hupewa albamu aangalie. Mtu anaweza kudhani ni njia tu ya kumpotezea muda. Sivyo. Mama mwenye nyumba akipita na birika huchungulia ukurasa na kuanza: "Huyo baba yenu mdogo siku ya kipaimara, na hilo koti aliazima." Watoto wanacheka, mmoja anapinga: "Aa, shangazi, koti lile lilikuwa lake!" Hapo pana fanani, pana hadhira inayodakia, na kila mgeni anapokuja hadithi hubadilika kidogo. Kwa istilahi zetu huo ni utendaji kamili. Picha bila maneno hayo ni nusu ya kazi.

Ukuta wa sebuleni una fani nyingine. Fremu ya harusi, ya mhitimu aliyevaa joho, ya babu aliyefariki: hizi hazisimuliwi kila siku, hizi zinatangaza. Nani awekwe juu, nani ashushwe baada ya ndoa kuvunjika, hayo huamuliwa na mwenye nyumba. Yeye ndiye mhariri wa ukuta.

Na mpiga picha je? Yeye alikuwa na ubao wake. Naukumbuka ubao wa kibanda kimoja enzi za mikanda, uliotundikwa nje siku za gulio, wakati watu wameshalipwa fedha za kahawa. Ulikuwa na picha za aina mbili: zile nzuri za kuvutia wateja, na zile ambazo wenyewe hawakuja kuzikomboa. Watu walisimama, wakataja majina, wakacheka. Kwa mpiga picha yalikuwa matangazo, lakini kwa mdaiwa ilikuwa fedheha. Hapa uhakiki hauwezi kuishia kwenye uzuri wa picha. Uso ni wa mtu, jicho ni la msanii; haki ya kuonyesha ni ya nani?

Swali hili si la Itaka peke yake. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikata na kuunganisha picha mpaka zikawa na maajabu ambayo kamera peke yake isingeyaona. Hawa tunawataja kwa majina, na sababu moja ni kwamba walikuwa na studio yenye mlango na jina. Wa kwetu alikuwa na baiskeli.

Jina likipotea hasara yake si ndogo. Mwaka 1991 huko New York, katika maonyesho yaliyoitwa Africa Explores, zilitundikwa picha kutoka Bamako, Mali, bila jina la aliyezipiga. Baadaye ikafahamika kuwa ni Seydou Keïta, na mwaka 1994 akapewa maonyesho yake mwenyewe Paris, katika Fondation Cartier. Kilichokuwa kielelezo tu cha Afrika kikawa kazi ya mtunzi. Bahati nzuri Keïta alikuwa hai, akatafutwa akapatikana.

Wapo wenzangu wanaosema, "Bwana, simu imeshamaliza tatizo hilo, siku hizi kila mtu anaonyesha." Nakubali nusu. Harusi ikifungwa Itaka asubuhi, mchana ndugu walioko Tunduma, na hata ng'ambo ya mpaka kule Nakonde, wameshaiona. Lakini picha ya stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24. Tena mpiga picha akiandika jina lake pembeni, mwenye picha hulikata, eti linamharibia. Simu imeongeza hadhira, haijamrudisha msanii.

Wengine wanadai jumba la sanaa. Sina ugomvi nalo. Ila picha zikitundikwa kimya mjini, kila moja na kikaratasi cha mstari mmoja, yule shangazi wa koti la kuazima atakuwa wapi?

Ninachokitetea ni kidogo, na kinawezekana: maonyesho katika darasa la shule au ofisi ya kijiji, picha zitoke kwenye albamu kwa ridhaa ya wenyewe, jina la aliyepiga liandikwe chini, na wenye picha wasimulie huku sisi tunanasa sauti. Jamani, mbona tukienda vijijini tunarudi na methali na hadithi, lakini albamu tunazifunga tukishakunywa chai?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Sheria, basi, imekwisha kututangulia sisi wahakiki. Tuanze na jambo jepesi: kila tunapoandika chini ya picha "kwa hisani ya familia", tuiulize familia hiyo nani aliipiga, na jibu tuliandike.